Kutazama treni kupitia kamera za mubashara: chagua moja, uijue

Kosa la kawaida la anayeanza ni kufungua kamera sita kwa mpigo, kukodoa macho dakika kumi bila kuona kitu, kisha kuzifunga zote na kusema hakuna treni. Treni zipo. Hata kwenye reli yenye shughuli nyingi zinaweza kupita tatu zikifuatana, halafu pakawa kimya saa nzima. Kamera ya reli ni kama kibaraza: aliyeuzoea mtaa ndiye anayejua nani hupita saa ngapi na kwa mwendo gani. Basi anza na kamera moja, kaa nayo wiki nzima, ndipo uongeze ya pili.

Uanzie wapi

Mifano mingi hapa ni ya Marekani. Kamera zake ni nyingi na kadhaa zina sauti nzuri. Treni zake za mizigo nazo ni ndefu, nyingine zinazidi kilomita mbili, kiasi kwamba hata ukichelewa nusu dakika bado unaikuta inapita. Virtual Railfan, kwenye YouTube, wana kamera La Plata, Ashland, Horseshoe Curve, Tehachapi na kwingineko. Baadhi ni za bure, nyingine ni za wanachama wanaolipa. Usilipe chochote mwezi wa kwanza. Za bure zinatosha kabisa.

La Plata ni mji mdogo wa Missouri ulio kwenye njia kuu ya kampuni ya reli ya BNSF kati ya Chicago na Los Angeles. Ndiyo kamera ya kujifunzia, kwa sababu pamoja na mizigo kuna treni ya abiria yenye ratiba, Southwest Chief ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani. Namba 3 inaelekea magharibi na hufika karibu saa 2 usiku kwa saa za huko. Namba 4 inaelekea mashariki na hufika karibu saa 4 asubuhi. Kwa Amtrak, namba witiri kwa kawaida huenda magharibi au kusini, na namba shufwa mashariki au kaskazini. Namba 4 inapofika La Plata imeshatembea sehemu kubwa ya safari ya kilomita 3,600 na zaidi kutoka Los Angeles, kwa hiyo kuchelewa saa moja au mbili si habari. Angalia kwanza ramani ya treni kwenye tovuti ya Amtrak, inayoonyesha kila treni ilipo, usije ukakesha bure.

Rochelle, Illinois, magharibi mwa Chicago, ni kwa mwenye haraka. Hapo njia mbili za Union Pacific zinakatana na njia mbili za BNSF ardhini, bila daraja, na mji umejenga bustani ya watazamaji wa treni tangu 1998. Makutano hayo mashabiki huyaita almasi, kwa umbo linalofanyika reli zinapokatana. Magurudumu yakiruka pengo la reli hutoa mlio wa kugongagonga ambao ukishausikia mara mbili hutausahau. Treni moja ikiwa juu ya almasi, ya kampuni ya pili lazima isubiri. Ukiona moja imesimama na taa zimewaka, usiondoke: kuna nyingine inakuja kukata mbele yake.

Ukishazoea, nenda milimani. Horseshoe Curve, karibu na Altoona, Pennsylvania, ilifunguliwa 1854. Ni kona inayozunguka bonde kwa umbo la kwato, yenye mwinuko wa karibu asilimia 1.8. Treni nzito hupanda polepole zikisukumwa na vichwa vya msaada kutoka nyuma, na zikishuka unasikia breki zikilia. Tehachapi Loop ya California, ya 1876, ina mwinuko wa karibu asilimia 2 na reli inajizungusha yenyewe: treni yenye urefu wa zaidi ya mita 1,200 hivi hupita juu ya mkia wake. Ashland, Virginia, reli imepita katikati ya barabara kuu ya mji. Hiyo fungua hata kwa ajili ya kuona watu wanavyoegesha magari kando ya treni bila wasiwasi.

Saa ya kamera na saa yako

Saa inayoandikwa juu ya picha kwa kawaida ni ya pale kamera ilipo. Missouri na Illinois ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 8 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwa saa 9 miezi iliyobaki. Huna haja ya kuongeza 8 kisha kutoa 6 ili upate saa zetu. Soma saa ya kamera kwa mtindo wa saa 12, kisha ongeza 2 tu, au 3 miezi ya baridi. Kamera ikisoma 9:55 asubuhi mwezi Julai, kwetu ni saa 11:55 jioni. Ikisoma 7:50 ya jioni, kwetu ni saa 9:50 usiku.

Kwa Pennsylvania na Virginia ongeza 1, au 2 wakati wa baridi. Kwa California ongeza 4, au 5. Aliye Muscat aongeze 1 juu ya hapo. Aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi apunguze 1.

Hesabu hii ina faida kwa mtu wa Afrika Mashariki. Unaporudi nyumbani jioni, Missouri ndiyo kwanza jua limepanda. Julai utapata mwanga wa mchana La Plata kuanzia kama saa 8 mchana hadi saa 10 na nusu alfajiri kwa saa zetu. Desemba mwanga unabanwa, kuanzia kama saa 10 na nusu jioni hadi saa 7 na nusu usiku.

Bando

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kanuni ni rahisi: kila megabiti moja kwa sekunde, ukiiacha saa nzima, inakula MB 450. Picha ikija kwa megabiti 3 kwa sekunde, saa moja ni GB 1.35. Ukiiachia YouTube ichague ubora yenyewe, itachukua mkubwa kadiri mtandao unavyoruhusu, hata kama unachotazama ni reli tupu na nyasi.

Kwa hiyo sikiliza kwa 144p, tazama kwa 720p. Weka ubora mwenyewe kwenye mipangilio ya video, ushushe hadi 144p, acha sauti ikiwa juu, endelea na shughuli zako. Ukisikia honi, pandisha. Video itasita sekunde chache ikibadilisha ubora, lakini muda unao. Sheria ya Marekani inamtaka dereva aanze kupiga honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika kwenye makutano ya reli na barabara. Sauti na picha huchelewa pamoja, kwa hiyo honi haikudanganyi. Kuna miji ambako honi imepigwa marufuku, na hapo mbinu hii haifai. Chagua kamera ya mji wenye kelele.

Kujua simu yako inakula kiasi gani hasa, angalia matumizi ya data ya YouTube kwenye mipangilio ya simu, tazama dakika 10, angalia tena, zidisha tofauti kwa 6. Fanya hivyo kwa kila ubora unaoutumia.

Dalili za treni inayokuja

Honi ya makutano ina mpangilio wake: ndefu, ndefu, fupi, ndefu, na ile ya mwisho huvutwa mpaka kichwa kifike barabarani. Ukiisikia kwa mbali na ikarudiwa ikiwa karibu zaidi, treni inakuja upande wako, ikififia, imeshapita. Kama kuna makutano kwenye picha, taa nyekundu huanza kupepesa angalau sekunde 20 kabla ya treni kufika.

Dalili ya mapema zaidi ni taa za ishara za reli. Nyingi Marekani hukaa zimezimwa na huwaka pale tu treni inapokaribia. Kwa hiyo mlingoti uliokuwa mweusi ukiwaka ghafla, hata kama hujui maana ya rangi zake, tulia hapo hapo. Chukua siku mbili za kwanza kutambua mlingoti upi uko wapi kwenye picha yako. Usiku nukta moja ya kijani kwenye kona ya skrini ni rahisi kuipita.

Kamera nyingine huleta pia redio ya reli, iliyo kwenye masafa ya 160 hadi 161 MHz. Kando ya njia kuna vifaa vinavyopima joto la beringi za magurudumu na kugundua kitu kinachoburuzwa chini ya behewa. Treni ikimaliza kupita, sauti ya kompyuta hutaja jina la reli, alama ya maili, namba ya njia, “no defects” kama ni salama, na mara nyingi jumla ya ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili. Ukishajua kifaa cha karibu kiko maili ngapi kutoka kwenye kamera yako, na upande upi, hiyo ndiyo saa yako ya kengele.

Ekseli zinakupa hesabu ya mabehewa bila kuhesabu moja moja. Behewa la kawaida lina 4, kichwa kikubwa cha mizigo kina 6. Ikitajwa 458 na treni ya makaa ya mawe ina vichwa viwili mbele na kimoja nyuma, toa 18, gawa 440 kwa 4: mabehewa 110. Hesabu hii inaharibika kwenye treni za makontena. Kuna behewa lenye sehemu tano zilizoungana kwa kugawana magurudumu, na zote tano zina ekseli 12 tu.

Kuisoma treni

Anza na rangi. BNSF ni machungwa, Union Pacific ni njano na kijivu, Norfolk Southern nyeusi yenye farasi mweupe, CSX buluu iliyokolea na njano. Lakini rangi ya kichwa si ushahidi wa mwenye reli. Kampuni huazimana vichwa, na hata treni ya BNSF inaweza kuongozwa na kichwa cha rangi nyingine. Soma namba iliyo ubavuni chini ya dirisha la dereva, andika, kisha hesabu vichwa vyote. Mashabiki huandika kwa mtindo wa 2x1x1, yaani viwili mbele, kimoja katikati, kimoja mwisho. Vile vya katikati na nyuma kwa kawaida havina dereva. Vinaendeshwa kwa redio kutoka mbele. Treni isiyo na kichwa nyuma hubeba kwenye behewa la mwisho kisanduku chenye taa nyekundu inayopepesa. Ukikiona, treni imekwisha na unaweza kurudi 144p.

Kisha angalia mzigo. Mabehewa yote ya aina moja ni treni ya shehena moja: makaa, nafaka, magari. Mchanganyiko wa matangi, mabehewa yaliyofunikwa na yaliyo wazi ni treni ya bidhaa mseto. BNSF huzipa treni zake herufi ya kwanza kulingana na kazi: Z ni makontena na matrela ya haraka kuliko yote, M ni mseto, C ni makaa, E ni mabehewa matupu ya makaa, G ni nafaka, V ni magari. Baada ya herufi hiyo hufuata ufupisho wa itokako na iendako. ZWSPSBD, kwa mfano, inatoka Willow Springs, Illinois, kwenda San Bernardino, California.

Kwenye makontena yaliyopandishwa mawili mawili, tafuta tofauti ya urefu. La futi 40 lenye herufi nne zinazoishia na U, MSCU au MAEU, ni ndugu wa yale yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Huenda lilishapita Kipevu. La futi 53 ni la nchi kavu, kwa soko la Amerika Kaskazini, na Kurasini hutalikuta. Kwenye mabehewa yenyewe, alama inayoishia na X ina maana mwenye behewa si kampuni ya reli.

Kurudi nyuma na kupima mwendo

Matangazo mengi ya mubashara ya YouTube yanaruhusu kurudi nyuma hadi saa 12. Hii ndiyo dawa ya aliyelala. Shida ni kwamba saa 12 zote zimebanwa kwenye mstari mmoja. Kwenye skrini ya kompyuta ambayo mstari huo una nukta 1,200, kila nukta ni sekunde 36. Treni ya kilomita 2 ikienda kilomita 70 kwa saa hupita kwa sekunde kama 103, yaani nukta tatu tu. Ukiburuza kwa pupa utairuka. Pitisha kipanya polepole juu ya mstari ukitazama vipicha vinavyojitokeza. Ukiona rangi ngeni kwenye reli, bofya hapo, kisha tumia J kurudi sekunde 10 na L kwenda mbele sekunde 10. K husimamisha. Video ikiwa imesimama, vitufe vya mkato na nukta husogeza picha moja moja, na hivyo ndivyo namba ya kichwa kilichopita mbio inavyosomeka.

Kidoti cha mubashara kikiwa chekundu uko mbele kabisa. Kikiwa kijivu uko nyuma, na watu wakitaja treni ambayo wewe huioni, sababu ni hiyo. Hata mbele kabisa, picha huchelewa sekunde kadhaa hadi karibu dakika moja.

Kupima mwendo, tafuta kitu kisichosogea kwenye picha, mlingoti kwa mfano, na mabehewa ya urefu unaojulikana. Behewa la makaa la Marekani ni futi 53, karibu mita 16.2; behewa la Superliner la abiria ni futi 85, karibu mita 26. Mabehewa 10 ya makaa yakipita mlingoti kwa sekunde 9, hiyo ni mita 162 kwa sekunde 9, mita 18 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita 65 kwa saa. Pima mara mbili. Kama picha iliganda katikati, tupa kipimo hicho, kwa sababu video hufidia kwa kuruka.

Mambo yanayoharibika

Kiungo ulichohifadhi jana leo kinasema video haipo. Tangazo likianzishwa upya hupewa anwani mpya, kwa hiyo hifadhi ukurasa wa chaneli, usihifadhi video. Sauti haitoki: video ilijifungua ikiwa imezimwa sauti, au kamera hiyo haina kipaza sauti kabisa, angalia maelezo yake.

Usiku taa ya mbele ya treni huchoma picha yote ikawa nyeupe. Usihangaike na namba za mbele, subiri ubavu upite. Kamera zenye mwanga wa infraredi huonyesha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo usiamini rangi ya kichwa baada ya giza. Wadudu wakizunguka kamera huvuta buibui, ambaye akifuma mbele ya lenzi utaona nyuzi kubwa nyeupe zikicheza. Hakuna la kufanya mpaka mtu apande kufuta.

Kuna pia chaneli zinazorusha mkanda wa zamani na kuuita mubashara. Linganisha saa iliyo kwenye picha na hesabu yako, kisha vivuli. Kamera ya Missouri ikiwa na jua kali wakati kwako ni saa 3 asubuhi, umedanganywa, maana kule ni usiku wa manane.

Asiye na subira aende Uingereza. Kamera za Railcam zipo, na tovuti ya Realtime Trains inaonyesha treni za abiria na nyingi za mizigo zinazotarajiwa kituo fulani, dakika kwa dakika. Namba ya treni ina tarakimu, herufi, tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ikiwa 1 ni abiria wa haraka, 2 ni abiria wa kawaida, 5 ni mabehewa matupu ya abiria, 4 na 6 ni mizigo, 0 ni kichwa peke yake. Tofauti ya saa na Afrika Mashariki ni 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kisha 3.

Daftari

Andika kwa saa ya kamera, siyo yako, la sivyo Novemba ikifika rekodi zako zote zitachanganyika. Safu saba zinatosha: tarehe, saa, upande, kampuni, namba ya kichwa cha kwanza, mpangilio wa vichwa, aina ya mzigo. Namba 4 iandike kila siku pamoja na dakika ilizochelewa. Baada ya wiki, panga treni zote kwa saa bila kujali tarehe. Zile za Z zitaanza kujikusanya kwenye nyakati zile zile, na mapengo nayo yataonekana: hayo ndiyo ya kwenda kupika.